Nguo za Waliotutangulia

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 22, yumo mtu ambaye sisi wahubiri huwa tunampita bila kumwona. Mfalme Yosia ameletewa kitabu cha torati kilichoonekana hekaluni. Anakisikia kikisomwa, anaingiwa na hofu, anawatuma watu waende kwa nabii mke Hulda wamwulize Bwana. Hapo mwandishi anatutajia mume wa Hulda: Shalumu, mtunza mavazi. Zaidi ya ukoo wake, Maandiko hayaelezi mengine juu yake. Tunajua tu kwamba palikuwa na mtu aliyekabidhiwa nguo, azilinde zisiharibike, na kwamba siku neno la kale lilipopatikana, maana yake ilitafutwa nyumbani kwake. Mume alitunza mavazi, mke akafafanua maandiko.

Naandika insha hii kwa sababu niliwahi kukabidhiwa vazi moja tu, nikalipoteza.

Miaka michache iliyopita, hapa Sirari, tulimzika mama mmoja mzee sana, Mkristo wa miaka mingi. Baada ya siku za msiba wajukuu wake walinijia na mfuko. Ndani mlikuwa na vazi la ngozi lililopambwa kwa shanga, ambalo bibi yao alikuwa amelificha chini ya sanduku lake tangu ujana. Familia ilikuwa imegawanyika. Mmoja alisema, "Mchungaji, hiki kitu tukichome, kisije kikaleta mambo ya mizimu nyumbani." Mwingine alikuwa amekwisha kupata mnunuzi ng'ambo ya mpaka, anayenunua vitu vya kale na kuwauzia wageni. Wa tatu, binti mdogo, aliuliza tu: "Bibi alilivaa lini?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Nami sikujua la kusema. Niliwaombea, nikauchukua mfuko nikauweka kabatini katika chumba cha mchungaji, nikiwaahidi kwamba tutalizungumza katika baraza la wazee. Mfuko ulikuwa wa plastiki, nikaufunga vizuri kwa kamba, nikidhani nimefanya jambo jema. Mvua za masika zikaja, zikapita. Nilipoufungua, ngozi ilikuwa imeota ukungu mweupe, wadudu wameila mpaka mishono imeachia, na shanga zimemwagika chini ya mfuko. Vazi lililodumu chini ya sanduku la bibi kwa maisha yake yote halikumaliza mwaka mmoja mikononi mwa kanisa.

Tangu hapo nimejitahidi kujifunza mambo mawili: kwanza, jinsi nguo za kale zinavyotunzwa, pili, jinsi zinavyosomwa. Nimeona kwamba yote mawili yanagusa imani yetu.

Nguo zilivyobadilika

Sisi watu wa mpakani tunaishi na nguo kuukuu kila siku. Mabelo ya mitumba yanafunguliwa sokoni, na mtu anaweza kununua koti lililovaliwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua. Tunazikagua vifungo na mishono, hatuulizi habari za aliyevaa. Wakati huohuo nguo kuukuu za babu zetu ziko katika nchi zinakotoka mitumba hiyo, zimelazwa katika droo, kila moja ina namba yake. Tumebadilishana nguo kuukuu na Ulaya, na wao ndio walioziandikia kumbukumbu.

Mabadilishano hayo yana historia. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said wa Zanzibar aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani, na muda si mrefu kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa kutoka viwanda vya huko kikaenea pwani na bara. Mpaka leo jina lake ni merikani. Pamoja nayo ikaja kaniki kutoka India, na shanga za kioo zilizotengenezwa Venice na Bohemia. Kwa hiyo tukumbuke kwamba hata shanga tunazoziita za asili zilivuka bahari. Mababu zetu walizipokea, wakazipanga kwa rangi na maana zao wenyewe, zikawa zao.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka mwambao wa Bahari ya Hindi hadi Ziwa Viktoria, na Wakuria wakajikuta wako pande zote mbili. Ofisa wa Kijerumani, Max Weiss, aliyefanya kazi katika msafara wa kupima mpaka huo, alichapisha mjini Berlin mwaka 1910 kitabu juu ya makabila ya kaskazini mwa koloni lao, Wakuria wakiwamo. Reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mwaka 1901, na kitambaa cha dukani kikapata njia fupi kuelekea kwetu. Ngozi iliyolainishwa kwa samli na kupakwa udongo mwekundu ikaanza kuonekana kuwa vazi la watu wa nyuma.

Hapo kanisa nalo liliingia. Wamenoniti walifika Shirati mwaka 1934, wakitoka katika jamii ya Kikristo ya Marekani ambamo mavazi yenyewe, koti lisilo na madoido na kitambaa cha kichwa cha wanawake, yalikuwa ushuhuda wa imani. Sisi Walutheri hatukuwa tofauti sana. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na wale waliofanya kazi Bukoba na kwingineko, walibatiza watu wanaovaa kitambaa, na kitambaa cheupe kikawa alama ya maisha mapya. Walikuwamo wamisionari waliotahadharisha, kama Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kutumia miaka mingi kuandika mila za Wachaga kwa heshima. Lakini kwa muumini wa kawaida funzo lilikuwa rahisi: nguo ya zamani ni dhambi ya zamani.

Wala lisilaumiwe kanisa peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu huru iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na ngozi wavae suruali na magauni. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi na mavazi mengine yakapigwa marufuku. Mkoloni, mmisionari na mwanasiasa walipishana kwa mengi, lakini wote waliamini kwamba ukimvua mtu nguo yake unambadilisha na moyo.

Yule bibi alisikia sauti zote hizo. Alibatizwa, akavaa gauni, akaimba kwaya. Na ngozi yake akaificha chini ya sanduku. Sidhani kwamba alikuwa na mioyo miwili. Nadhani alijua jambo ambalo hakuna aliyempa nafasi ya kulisema.

Nondo, kutu na mwanga

Bwana wetu alituonya tusijiwekee hazina duniani, mahali ambapo nondo na kutu huharibu. Watunza makumbusho ndio watu wanaolijua neno hilo kwa vitendo kuliko wote. Nguo ni kitu kinachokufa haraka. Jiwe hukaa, chuma hukaa kiasi, lakini pamba, sufu na ngozi ni chakula cha viumbe wengine.

Adui wa kwanza ni mwanga. Rangi iliyofifia hairudi, na madhara ya mwanga hujumlishwa siku kwa siku, hayafutiki kwa kuliweka vazi gizani baadaye. Ndiyo maana vyumba vya maonyesho ya nguo vina giza kiasi. Kipimo kinachofuatwa na makumbusho mengi ni luksi 50 tu, mwanga hafifu sana ukilinganishwa na wa dirisha letu la mchana. Na vazi halionyeshwi mwaka hadi mwaka. Hutolewa kwa miezi, kisha hupumzishwa.

Adui wa pili ni unyevu. Ukizidi, ukungu huota. Ukipungua mno, ngozi hukauka na kupasuka. Mfuko wangu wa plastiki uliufungia unyevu ndani, pamoja na mafuta ya samli ambayo wadudu huyapenda. Wahifadhi hutumia karatasi isiyo na asidi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri bila marashi, ili vazi lipumue. Hawakunji vazi likakatika kwenye mkunjo. Hulilaza, na pale linapopinda huweka karatasi iliyoviringishwa. Hawalitundiki kwenye msumari, kwa maana uzito wake wenyewe utalichana mabegani.

Adui wa tatu ni wadudu. Siku hizi makumbusho mengi huweka vazi kwenye mfuko uliozibwa, kisha kwenye mashine ya kugandisha yenye baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, kwa siku kadhaa au wiki, mpaka mayai yafe. Zamani haikuwa hivyo. Walinyunyiza arseniki, na baadaye DDT. Sumu hizo zimo bado katika vitu vingi vya kale huko Ulaya na Marekani. Jamii kadhaa za Wahindi Wekundu wa Marekani zilirudishiwa vitu vyao vya ibada zikaambiwa visivaliwe, kwa sababu vitawadhuru. Jambo hilo lilinigusa sana. Vazi limeokolewa lisiliwe na nondo, lakini limefanywa lisiweze tena kugusa mwili wa mjukuu. Linaonekana zima, nalo limekufa.

Adui wa nne ni sisi wenye nia njema. Tunafua. Tunapiga pasi. Tunashona kiraka kwa uzi mpya. Doa la jasho kwenye kola, tope kwenye pindo, kiraka kilichowekwa na mke wa mwinjilisti kwa uzi wa rangi nyingine: hayo ndiyo maandishi ya nguo. Akifua, mtu anafuta ukurasa.

Kanzu iliyosema uongo

Kutunza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusoma, na hapo Maandiko yanatupa onyo kali. Ndugu zake Yusufu walipomwuza, walichukua kanzu yake, wakaichovya katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba yao aitambue. Kanzu ilikuwa ya Yusufu kweli. Damu ilikuwa damu kweli. Yakobo aliitambua bila kukosea, kisha akatoa hukumu ya uongo: mwanangu ameraruliwa na mnyama. Akaomboleza miaka mingi juu ya mtoto aliye hai. Vazi halikudanganya, waliolileta ndio waliodanganya, kwa kunyamaza.

Makumbusho mengi ya Ulaya yamekuwa kama Yakobo. Vazi ni la kweli, lakini aliyelileta hakueleza lilivyopatikana. Mfano ulio karibu nasi ni wa Makumbusho ya Pitt Rivers, mjini Oxford. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmasai wa Loliondo, aliyatembelea akaona vitu vya watu wake vimeandikwa maelezo yasiyo sahihi. Mwaka uliofuata Wamasai kutoka Tanzania na Kenya walialikwa kwenda kuvikagua. Kati ya mapambo mengi walitenga matano wakasema: haya hayapaswi kuwa hapa. Miongoni mwake zilikuwamo bangili ya orkatar, ambayo mtu hurithi kutoka kwa baba yake, na isurutia, pambo la shingoni la mwanamke aliyeolewa. Vitu hivyo haviuzwi wala kutolewa zawadi kwa mgeni. Kuwapo kwake kabatini kulimaanisha kwamba mtu alinyang'anywa, au aliuawa. Kadi ya makumbusho iliandika pambo. Wenyewe walisoma kilio.

Kilichofuata kinafaa kufundishwa katika vyuo vyetu vya theolojia. Walitafuta familia zilizohusika, na mwaka 2023 ujumbe wa makumbusho ukaenda Kenya, ukaketi na familia hizo, ng'ombe wakatolewa kwa desturi ya Kimasai ya kupatanisha. Hawakuanza na mwanasheria. Walianza na kukiri, wakaenda kwenye fidia, wakafika kwenye amani. Sisi huliita jambo hilo toba.

Je, si masalia?

Najua swali ambalo Mlutheri atauliza. Je, huku si kurudi kwenye masalia ya watakatifu? Mwaka 1512, mbele ya Kaisari Maximilian, kanisa kuu la Trier huko Ujerumani lilitoa vazi lililosemwa kuwa kanzu ya Kristo, na mahujaji wakamiminika. Martin Luther alilikemea jambo hilo kwa ukali, kwa kuwa watu walifundishwa kutafuta msamaha kwenye kitambaa, wakati msamaha unatolewa bure katika Neno na Sakramenti. Hatuwezi kulilegeza fundisho hilo.

Lakini wanafunzi wa Luther hawakuchoma nguo. Katika Kanisa la Mtakatifu Maria mjini Danzig, leo Gdańsk nchini Poland, waumini walipokuwa Walutheri waliacha kuyatumia mavazi ya misa ya zama za kati, wakayafungia makabatini. Yalilala humo mpaka karne ya 19 yalipogunduliwa tena: mamia ya miaka, hariri za Italia na za nchi za Waislamu wa Mashariki, bado zina rangi. Kwingineko ambako mavazi yaliendelea kuvaliwa, yalichakaa yakatupwa. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia mwisho, mengi yalipelekwa Ujerumani pamoja na wakimbizi, yakatunzwa katika makumbusho ya Lübeck. Na mwaka 2022 kanisa la Kiinjili la Ujerumani lilikubaliana na parokia ya Kikatoliki ya Gdańsk kuyarudisha. Walutheri waliyatunza ambayo hawakuyavaa, kisha wakakubali kuyarudisha ambayo wangeweza kuyashikilia.

Tofauti ya masalia na kumbukumbu iko hapo. Masalia unayaomba yakupe kitu. Kumbukumbu inakuomba wewe kitu: uangalie, usikilize, useme kweli juu ya aliyekufa. Petro alipofika Yafa alikuta wajane wamesimama wanalia, wanamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa hai. Hawakuziabudu. Walikuwa wanatoa ushuhuda: mikono hii ilishona, mwili huu ulivikwa. Petro hakuwakemea. Aliziona nguo, akawatoa wote nje, ndipo akapiga magoti akaomba.

Mkoani kwetu Mara tuna mahali pa kujifunzia. Butiama kuna Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, chini ya Makumbusho ya Taifa. Ndugu zetu Wakatoliki wanamwita Mwalimu Mtumishi wa Mungu, na mchakato wa kumtangaza mwenye heri unaendelea. Wengi wetu tunamkumbuka kwa suti yake isiyo na tai, kofia na kifimbo. Mtu akiyatazama mavazi ya kiongozi yule kwa imani asiulize yana nguvu gani. Aulize: mtu aliyeweza kuvaa chochote, kwa nini alichagua haya?

Kazi iliyo mbele yetu

Makanisa yetu yana nguo za kale kuliko tunavyodhani. Kuna majoho ya wachungaji wa kwanza, sare za umoja wa wanawake zilizoshonwa wakati KKKT inaundwa mwaka 1963, gauni la ubatizo lililopita kwa watoto saba, kanga za jubilei. Zimo masandukuni, na wenye kuzikumbuka wanaondoka. Naziomba sharika zetu mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Tafuteni sanduku la bati au la mbao lililo safi na kavu, msiliweke sakafuni wala chini ya dirisha. Tandikeni kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Msitumie plastiki, wala vidonge vya kabatini vigusane na nguo. Fungueni kila baada ya miezi michache mtazame dalili za wadudu. Kwa vazi la thamani au lililoharibika, waiteni watu wa Makumbusho ya Taifa kabla hamjaligusa.

Na la muhimu kuliko yote, andikeni. Daftari moja linatosha: nani alilivaa, nani alilishona, lini, wapi, limefikaje hapa, na nani ana haki ya kulidai. Mkimwuliza mzee, andikeni maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kikuria kama ni Kikuria. Na kama familia haitaki liwekwe kanisani, lirudisheni, maana si letu.

Lile baraza la wazee tulilifanya, tukiwa tumechelewa. Niliwaita wajukuu, nikawaeleza nilivyofanya, nikaomba msamaha. Yule aliyetaka tulichome alinyamaza muda, kisha akasema, "Kumbe Mchungaji umelichoma bila moto." Sikuwa na jibu. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyefungua Biblia katika Mwanzo, sura ya tatu, akatusomea habari za siku Adamu na mkewe walipotoka bustanini. Kabla hawajatoka, Bwana Mungu mwenyewe aliwashonea mavazi, akawavika. Hayakuwa ya kitambaa. Yalikuwa ya ngozi.

Nimehubiri sura hiyo mara nyingi nisilione hilo. Tulimfundisha bibi yule aionee haya ngozi yake, na kumbe vazi la kwanza lililotoka mikononi mwa Mungu, siku ya aibu ya wanadamu, lilikuwa la ngozi, nalo lilikuwa neema.

Shanga zimebaki. Zimo kwenye kisanduku kidogo, juu ya pamba, nyumbani kwa yule binti aliyeuliza swali. Aliendelea kuuliza, kwa shangazi yake, kwa jirani wa upande wa Kenya, kwa ajuza mmoja aliyecheza na bibi yao wakiwa wasichana. Sasa anajua bibi alilivaa lini. Ameandika kwenye daftari, na ukurasa unaofuata ameuacha wazi.